Barabara Tuliyoila kwa Hatua

Kiwanja changu nilikinunua kwa miguu ya mjomba. Alikuja, akatembea, na pale alipokanyaga pakawa pangu. Ndivyo viwanja vilivyopimwa pembeni mwa Bariadi mji ulipoanza kutanuka kuelekea mashambani: hatua ishirini kwa ishirini, muuzaji anahesabu, mnunuzi anahesabu, mashahidi wawili wanatazama, karatasi inaandikwa juu ya goti la mtu.

Muuzaji alikuwa amerithi shamba la pamba la baba yake, na alikuwa ameshagundua kwamba ardhi inalipa zaidi ikioteshwa nyumba. Alikuja na mpimaji wake, mtu mfupi, mpole, anayetembea kama bibi harusi anayeingia kanisani. Mimi nauza mchele, choroko na dengu sokoni. Naijua sado iliyobonyezwa kitako ili ipokee kidogo, na naujua mkono unaofuta juu ya kipimo kabla nafaka haijatulia. Sikuwa mtu wa kupimiwa ardhi na bibi harusi.

"Kaka," nikamwambia muuzaji, "huyu mwache apumzike, amechoka. Nimekuja na wangu."

Mjomba akasimama. Maisha yake yote aliswaga ng'ombe kwa miguu, kutoka Mwandoya hadi minadani, na alikuwa mrefu hata akiwa amekaa. Muuzaji alimtazama kuanzia chini, ikamchukua muda kufika juu.

"Dada, huyu ni mtu au twiga?"

"Twiga ni alama ya taifa," nikasema. "Mheshimu."

Mjomba akatembea. Hatua yake moja ilikuwa moja na robo ya mtu wa kawaida. Nilihesabu akienda, kisha nikamrudisha nikahesabu akirudi, maana mimi kitu nakihesabu mara mbili. Muuzaji aliuma kalamu, akaandika. Chini ya karatasi akaongeza kwamba mbele ya kiwanja kuna barabara ya hatua kumi na mbili, inayopimwa kuanzia kwenye uzio wa minyaa uliokuwa mpaka wa shamba la marehemu baba yake, na inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye lami. Akatia sahihi. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kila mnunuzi alikuwa na mjomba. Mwalimu aliyenunua jirani nami alikuja na shemeji yake mcheza mpira wa wavu. Fundi bomba alikuja na kaka yake ambaye akiingia mlangoni anainama kwanza, halafu ndiyo anabisha hodi. Usukumani hatuna upungufu wa watu warefu. Viwanja vikanenepa, kila kimoja kikatoa kitambi kuelekea mbele. Hakuna aliyekuja na mrefu wake kuipimia barabara. Barabara haikuwa na mjomba.

Nyumba ziliota haraka kuliko pamba iliyokuwa pale. Ulikuwa unalala mbele yako pana msingi, baada ya wiki mbili unaamka kuna bati. Watumishi waliohamishiwa mkoani, madereva, wauza vipuri, watu waliouza ng'ombe vijijini ili watoto wasome mjini, wote walitaka kuwa karibu na lami. Maji yalikuja nyuma ya nyumba, umeme nyuma ya maji, na mitaro haikuja kabisa. Bomba moja jembamba lilinywesha nyumba kumi na moja. Ukifungua wewe, jirani anapiga mluzi kwamba kwake yamekatika. Mvua ikinyesha, maji ya mapaa yote yale yalitafuta pa kupita, na kwa kuwa hakuna aliyeyaachia nafasi, yalichimba yenyewe. Likazaliwa korongo pembeni mwa mtaa, na kila masika lilikuwa linaongezeka kina kama mtoto anavyoongezeka kimo.

Pale njia inapokutana na lami, muuzaji alijibakizia kiwanja chake mwenyewe, kizuri kuliko vyote. Kiwanja changu kilikuwa nyuma yake, tunapakana. Alijenga nyumba, halafu akajenga ukuta wa tofali, akauanzia kona moja hadi nyingine akaimeza njia nzima ndani. Geti la mbele likatazama lami, geti la nyuma likatutazama sisi. Barabara yetu ikawa ua wake, na gari lake likawa linalala mahali ambapo tulitakiwa kupita.

Tulimwendea watu saba. Alitupokea vizuri, akatukalisha, akasema barabara ipo ila tuliila wenyewe. Kilichobaki ni kichochoro, na kichochoro hakina mwenyewe.

Basi tukawa tunazunguka kupitia korongoni. Kukatiza uani kwake ilikuwa hatua sitini. Kuzunguka ilikuwa hatua mia mbili na kumi na moja, zangu, za mtu wa kawaida. Nilihesabu nikienda sokoni, nikahesabu nikirudi.

Ningeishi hivyo. Watu wanaishi na mambo makubwa kuliko hilo. Lakini mama yangu alipatwa na kiharusi kule kwetu Zagayu, kikamchukua upande wa kushoto, nikamleta kwangu kwa sababu hospitali iko huku. Kliniki yake ilikuwa kila baada ya wiki mbili. Bajaji ilikuwa inaishia ng'ambo ya korongo, dereva anapiga honi, na sisi tunamleta mama juu ya kiti cha plastiki tulichokifunga kwenye miti miwili. Wanaume wanne wa mtaa walikuwa wanabeba kwa zamu, na sikuwahi kusikia hata mmoja akinung'unika.

Siku moja ya kliniki, mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Korongo lilikuwa limelegea, udongo unateleza kama mlenda. Nikawaambia wabebaji wasubiri, nikaenda kugonga geti la nyuma. Tundu likafunguka, nikaona jicho la muuzaji na nusu ya sharubu.

"Mwangaluka," nikamwamkia kwa heshima zote.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?" Aliniita mama, akaniuliza kama ni salama.

"Mhola duhu. Mama anakwenda kliniki. Naomba tupite tu, leo huko chini hapapitiki."

"Poleni sana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa pole kweli. "Lakini nikiwafungulia leo, kesho ni mikokoteni, keshokutwa ni ng'ombe. Hapa si stendi."

"Ni kiti kimoja."

"Vyote vinaanza kimoja, mayu."

Tundu likafungwa. Nikasikia komeo, ingawa geti lilikuwa limefungwa tangu mwanzo. Alilikaza tu ili nisikie.

Tukazunguka. Katika hatua ya mia moja na thelathini, pale korongo linapokata kona, mbebaji wa mbele kulia alikosa pa kukanyaga. Kiti kikaenda upande. Mama aliangukia mkono wa kulia, ule uliokuwa unafanya kazi ya miwili. Ulivunjika juu kidogo ya kiganja, nikausikia. Hakulia. Aliuliza kama kiti kimepona, maana tulikuwa tumeazima.

Mfupa uliunga vibaya. Tangu siku hiyo mama hashiki kijiko. Mwanamke aliyelima ekari za pamba kwa jembe la mkono, aliyenilisha mimi na wenzangu watano, nikawa namlisha mimi uji kama kifaranga. Na kila kijiko nilichompelekea mdomoni, mimi nilikuwa namtafuna mtu.

Nilishauriwa nisamehe. Akina mama wa jumuiya walikuja nyumbani kusali, wakamwombea mama, wakamwombea na jirani. Niliitikia amina. Sikusema amina ya lipi.

Mwaka uliofuata mtaa wetu ukaingizwa kwenye upimaji, ili watu wapate hati. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao mbele ya karakana ya seremala, na wapimaji wakatueleza kwa upole, kama watu waliokwisha kueleza jambo hilo mitaa mingi. Mchoro haupiti kama nyumba hazifikiwi na barabara. Barabara mliahidiana wenyewe, kwa hiyo hakuna wa kulipwa kwa kuiachia. Na kila mwenye kiwanja ataleta fomu ya mipaka iliyosainiwa na majirani anaopakana nao, mbele, nyuma na pembeni.

Muuzaji alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema kazi iende haraka, yeye anaihitaji hati yake mapema kwa sababu anataka kukopa ajenge fremu za maduka pale kwenye lami. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ubao nawaza neno moja tu. Nyuma. Jirani yake wa nyuma ni mimi.

Nikatoa karatasi yangu. Plastiki niliyoifungia ilikuwa imeanza kubadilika rangi, lakini sahihi yake ilisomeka, na hatua kumi na mbili zilisomeka. Wengine wakaenda kuleta za kwao. Zote zilisema hivyohivyo. Wapimaji na kikao wakakubaliana hatua kumi na mbili zihesabiwe kuwa mita tisa, utepe ukaanzia kwenye visiki vya ile minyaa ya zamani, na umati ukaufuata kama msafara wa harusi. Ulipofika kwangu ulipita katikati ya meko yangu.

Nikaomba wapime tena. Wakapima tena. Palepale.

Lile jiko lilikuwa la tofali za kuchoma, nimelijenga tofali kwa tofali na hasira ya kupikia moshini miaka yangu yote ya utoto. Lilikuwa na rafu ya sado zangu na dirisha linalotazama mlango wa mama. Na lilikuwa limesimama barabarani. Hatua mbili na nusu za mjomba.

"Mayu," muuzaji akasema kwa sauti ya kusikika na wa nyuma, "twiga wako alikula na barabara!"

Watu walicheka. Hata mimi kidogo nicheke. Utani mzuri ni mzuri hata ukitoka kwa mtu unayemchukia. Utepe ukaendelea hadi ndani ya mtaa, kisha ukarudi kuelekea lami. Banda la kuku la mwalimu, ndani. Choo cha fundi bomba, nusu ndani, na ni ile nusu muhimu. Na mwisho wa utepe, ukuta wa muuzaji, ndani kutoka kona hadi kona.

"Basi ndiyo hivyo," mwenyekiti akasema. "Nani anaanza?"

Kila mtu akawa anatazama viatu vya mwenzake.

"Mimi sina shida," muuzaji akasema. "Waanze wale walioko mbele yangu. Wakimaliza, nitafuata."

Nilimwelewa. Ni maneno ya mnunuzi anayesema atanunua jirani akinunua. Alijua hakuna atakayevunja cha kwake, na ukuta utasimama mpaka wapimaji wachoke, wapitishe mchoro hivyohivyo. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Aliihesabu mara moja tu.

Nikaondoka kikaoni, nikaenda jikoni, nikatoa masufuria, nikatoa sado, nikaziweka mlangoni kwa mama. Halafu nikachukua sululu. Pigo la kwanza lilipiga jiko wote wakiwa bado wamesimama palepale.

Mwenyekiti alikuja mbio. "Mama, taratibu! Bado hatujaandika muhtasari."

"Andikeni," nikamwambia. "Mkifika kwenye jiko langu, andikeni lilikuwepo."

Sitasema haikuniuma. Kila tofali lililoanguka nililijua. Lakini nyuma ya kila moja niliyaona matofali ya ule ukuta, mengi kuliko yangu, makubwa kuliko yangu. Nilikuwa nafanya biashara nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mwalimu akatazama, akaona haya, akaenda kushika bati la banda la kuku. Fundi bomba akaanza kuulizia pa kuazima choo. Mpaka Jumapili, mtaa mzima hadi kwenye ukuta palikuwa peupe, na ukuta wenyewe umebaki kama jino moja mdomoni mwa mzee, na wapimaji wameuchora alama nyekundu.

Muuzaji alikuja kwangu Jumatatu mchana, na fomu yake ndani ya bahasha. Nilikuwa nachagua mawe kwenye choroko. Nikamsogezea gunia akae.

"Dada," akaanza, "yale yamepita. Ukuta nauvunja. Mimi nakujengea jiko, la bloku, na sakafu. Wewe nisainie hapa tu."

"Jiko lako sitapikia."

"Basi mwezi huu, kabla mafundi hawajafika kwenye geti la nyuma, ufunguo nakuachia wewe. Mama apite."

"Mwezi huu umekumbuka kwamba geti linafunguka."

Akakuna kidevu. Mtu anayekuna kidevu bado hajafika mwisho wa bei yake. "Sema basi wewe unataka nini."

"Mabega yako."

"Nini?"

"Kiti cha mama. Mbele, upande wa kulia. Kupitia korongoni, kuzunguka kote."

"Lakini si njia inafunguliwa?"

"Njia ni ya mtaa. Mabega ni yangu."

Alinitazama kuona kama natania. Nikaendelea kuchagua mawe. "Mara ngapi?" akauliza mwishowe.

"Ishirini na sita. Kliniki za mwaka."

Akasimama, akakung'uta suruali, akaondoka. Nikamwacha. Mteja anayeondoka kweli hageuzi shingo. Yeye aligeuza kabla ya kisiki cha kwanza cha minyaa, akageuza tena kabla ya cha pili, halafu akarudi.

"Dada, mimi ni mtu mzima. Watu watanionaje?"

"Wataona umebeba. Kumi."

"Moja."

"Tano."

"Moja, na nitamleta na kijana wangu asaidie."

"Sikutaja kijana. Mama naye hakuwa na mkono wa akiba. Tatu."

Aliinamisha kichwa akatazama zile choroko muda mrefu. "Mbili," akasema.

"Mbili."

Kusema kweli moja ingenitosha. Ya pili ni mazoea.

Alhamisi ya kliniki alikuja na mabuti. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na sitadai kwamba sikuiombea. Mtaa mzima ulikuwa na kazi ya kufanya nje asubuhi hiyo. Sijawahi kuona watu wakifagia hivyo. Akaingiza bega chini ya mti, mbele kulia, wakainua. Mimi nilitembea pembeni nikihesabu kwa sauti. Hamsini. Themanini. Alikuwa anahema, mafuta ya kichwani yanamshuka shingoni. Mia moja na thelathini.

"Simameni hapa," nikasema. "Kanga yangu imelegea."

Wakasimama, mzigo ukiwa mabegani. Nikaifunga kanga yangu polepole. Nikaifungua, nikaifunga tena. Alijua ni pale. Alitazama chini kwenye ile kona, kisha akatazama mkono wa mama uliokuwa umelala juu ya paja ukiwa umepinda, karibu kabisa na sikio lake. Tulipofika kwenye lami mama alimwambia, "Wabeja, ng'wanawane," asante mwanangu, na yeye akaitikia akiwa anafuta matope kwenye buti lisilo na haja ya kufutwa.

Safari ya pili, ukuta ulikuwa umeshashuka. Tofali zimepangwa pembeni, na pale katikati pamefunguka upana wa malori mawili. Lami ilikuwa inaonekana kutoka mlangoni kwangu. Alikuja, akaingiza bega, na alipogeukia kule kweupe nikamwonyesha korongo kwa kidole.

Hakubisha. Akageuka.

"Simameni," mama akasema juu ya kiti. "Ile pale si njia?"

"Ni njia, mama."

"Sasa mnanizungusha wapi?"

"Tulikubaliana. Mara mbili."

"Aliye juu ya kiti ni nani?" akauliza. "Mlinishirikisha mimi?"

Wabebaji wakanitazama. Yeye pia alinitazama, anasubiri ruhusa, na sitaficha kwamba ule mtazamo ulikuwa mtamu. Lakini mama alikuwa ameshamwinamia. "Pita hapa, ng'wanawane. Huyu mtoto wangu hajui kushiba."

Wakapita katikati ya barabara, hatua sitini, kiti kimenyooka kama cha mchungaji. Mimi nikafuata nyuma. Nilipunjwa hatua mia moja hamsini na moja, na aliyenipunja ni mama yangu mzazi.

Fomu nilimsainia, kwa sababu niliahidi. Ila sikuahidi lini. Ilikaa chini ya sado ya dengu siku kumi na tisa. Akija kuiulizia namwambia bado naisoma. Ilikuwa na nusu ukurasa.

Sasa bajaji inafika mlangoni. Malori ya mchanga yanapita kwenda kwenye mashamba yaliyo nyuma yetu, ambako nyumba zimeanza kuota, na juzi kuna mtu alikuja kumuulizia mjomba kama miguu yake bado ni mizima. Mimi sina jiko. Napikia nje juu ya mafiga matatu, ukingoni mwa barabara, na vumbi la malori linaingia kwenye ugali. Nalila lile vumbi kwa raha zangu.

Uji wa mama nao namnyweshea hapohapo. Ndani kuna kivuli, na kuna kiti kizuri zaidi, lakini nje ndiko anakopita muuzaji kila asubuhi kwenda kusimamia fremu zake. Anaamkia, tunaitikia, halafu nainua kijiko polepole, nampelekea mama mdomoni, ili auone ule mkono umelala.

Nilidhani mambo hayo ni yangu peke yangu. Juzi nimepoza uji, nimejaza kijiko, nimekifikisha, mama akafumba mdomo.

"Subiri," akasema. "Hajapita."